Ngozi Niliyoibeba Hadi Shishiyu

Wanangu mliobaki pale ofisini, mmeanza kazi na kodi iliyo rahisi kukusanya na ngumu kuielezea. Kila mtu mzima analipa kiasi kilekile. Mwenye zizi lililojaa na asiye hata na kuku wanapanga foleni moja. Wiki yangu ya mwisho kazini, baada ya mzee mmoja kufanya jambo pale mezani kwetu, Holo, karani mpya kuliko wote, alinigeukia akaniuliza, "Mzee Maduhu, kwa hiyo mwenye mali alipe zaidi, au wote sawa?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia nitamjibu nikishastaafu. Alidhani namkwepa. Sasa nimestaafu, mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka jikoni kwake, na karatasi ninazo. Holo, hili ndilo jibu lako, na wenzako nao wasome.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Mshahara hauna hadithi, unaisha tu.

Nilianza kazi enzi za watemi, kijana kutoka Sola mwenye mwandiko mzuri na miguu myembamba. Nyumbani tulilima pamba, na nilidhani ukarani ni kazi ya kukaa. Siku ya kwanza nikakabidhiwa baiskeli. Taa yake iliwaka pale tu unapoteremka kwa kasi, yaani wakati ambao mtu ameshafumba macho. Nikapewa na kitabu cha stakabadhi, karatasi za kaboni, na penseli ya zambarau ambayo ukiilowesha ncha kwa ulimi inaandika maandishi yasiyofutika. Makarani wa kodi wa siku zile tulijulikana kwa midomo yetu ya zambarau. Ukiingia kijijini, hata kabla hujasema neno, watoto walikwishakimbia kuwaambia baba zao.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salumu, karani mkuu, mzaliwa wa Tabora aliyefika huku kumsaidia kaka yake dukani akaishia serikalini. Ijumaa alivaa kanzu, siku nyingine zote kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kisukuma chake kilikuwa cha dukani, bei na salamu basi, lakini hizo salamu alizijua mpaka mwisho wake. Aliuliza habari za watu, za mvua, za mifugo, kisha akarudi tena kwenye watu. "Usifungue mkoba kabla hawajakuuliza habari za kwenu," aliniambia. "Ukianza na mkoba, umekuja kuchukua. Ukianza na salamu, umekuja kutembea, halafu ikatokea ukachukua." Nilicheka, yeye hakucheka, maana alikuwa anasema kweli.

Somo la pili nililipata siku ileile. Tulifika kwenye zizi la mzee mmoja, nami kwa haraka ya ujana nikanyoosha penseli na kuanza kuhesabu ng'ombe kwa sauti. Kwetu hilo halifanyiki. Nilikuwa nimekwishachapwa kwa sababu hiyo nikiwa mtoto, ila viatu vya serikali vilinisahaulisha. Mzee yule hakugombana nami. Alifungua zizi upande wa pili, ng'ombe wakaenda zao malishoni, naye akawafuata. Mzee Salumu akaniuliza, "Umewahesabu?" Nikajibu kwamba nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza. "Haya, andika ulipoishia," akasema, akapanda baiskeli. Tangu hapo alinifundisha kuwahi asubuhi, ng'ombe wanapotoka zizini, niwapange moyoni kwa rangi, weupe kwanza, kisha wekundu, kisha wa madoadoa, huku mdomo unazungumza na mwenyeji habari za mvua. Ni ufundi ambao hadi leo siwezi kuuacha. Hata kanisani nawahesabu watu hivyo, kwa rangi za mashati.

Basi uhuru ukaja, watemi wakaondoka, halmashauri ikaingia, na baada ya miaka michache likaja Azimio. Maneno mapya yalitufikia kwa redio ya dukani: bepari, kabaila, kupe. Hilo la kupe liliwasumbua wafugaji wetu. Kwao kupe ni mdudu na dawa yake ni josho, na nilimsikia mzee mmoja wa Ngulyati akiuliza, bila mzaha hata kidogo, kama serikali itachimba josho la watu.

Mwaka ule halmashauri ikaamua kwamba kodi iwe ya madaraja. Mwenye kidogo alipe kidogo, mwenye kingi alipe kingi. Nilikuwemo ukumbini nikiandika kumbukumbu za kikao. Aliyesimama kuunga mkono kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mayunga, diwani wa Shishiyu, mtu mnene mchangamfu ambaye akicheka hata wasiomwelewa walicheka. "Mwenye nacho abebe mzigo wa asiye nacho!" alisema, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga makofi. Nililiamini neno lile, na sijaacha kuliamini. Kisha Mayunga huyohuyo akapendekeza tutakavyompima mtu: tuhesabu ng'ombe wanaolala kwenye zizi lake. Makofi tena.

Mgeni wa nchi hii hataona kasoro hapo, kwa hiyo nieleze. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Anawawekesha kwa watu wa mbali, wachache huku, wachache kule, kwa sababu ya magonjwa, wezi, ukame, na mashemeji. Anayewalaza anapata maziwa, samadi na maksai wa kulimia, na akiwatunza vizuri kwa miaka, mwenyewe humpa mtamba mmoja awe wake. Yeye naye anafunga mdomo. Akiulizwa na mtu wa nje, husema ng'ombe wote ni wake. Anayetaja mwenye mali hapewi tena ng'ombe wa mtu maisha yake yote. Baba yangu kule Sola aliishi hivyo, na mimi nimenyweshwa maziwa ya ng'ombe ambao mwenyewe nilikuja kumjua nikiwa na ndevu. Kila diwani mle ukumbini aliyajua haya. Hakuna aliyenyanyua mkono, maana kuyasema kungekuwa sawa na kujitaja.

Tulianzia Ngulyati. Huko tukamkuta Luhende, mwanamume mrefu mpole mwenye kaptula yenye viraka juu ya viraka, na mkewe Kabula. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, nyasi za paa zimechakaa upande mmoja. Zizi lilikuwa limejaa pomoni.

Mzee Salumu alimaliza salamu zake zote, kisha akauliza polepole, "Luhende, ng'ombe hawa wote ni wako?"

"Wangu, mzee."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kabula aligeuza uso akatazama mahindi yake. Hakukuwa na la kufanya. Kwa sheria tuliyopewa, Luhende aliandikwa daraja la juu kabisa, pamoja na wenye maduka ya Bariadi, na alitakiwa kulipa kabla msimu wa pamba haujafungwa. Asipolipa, mgambo wangekuja kukamata ng'ombe. Na ng'ombe wa kuwekeshwa wakikamatwa mikononi mwako, jina lako limekufa.

Nilipokuwa nafunga mkoba kwenye keria, Kabula alinisogelea. "Mtamba ule mwekundu," alisema, "huyo ndiye tutakayemuuza."

"Kwa nini huyo, mayu, na wapo wengi?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Aligeuka akarudi kwenye mahindi yake. Nami nilikuwa nimeuliza kijinga, maana jibu nililijua. Mtamba mwekundu ndiye pekee aliyekuwa wao. Luhende alikuwa amechunga mali ya mtu tangu hajaoa ili ampate huyo mmoja, na kwa huyo mmoja walitarajia siku moja kunywa maziwa ambayo hakuna mtu angekuja kuyadai. Niliumia. Njiani nikamweleza Mzee Salumu yote niliyoyajua kutoka kwetu Sola. Alisikiliza, akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Nikasema sijui. "Sasa unataka niandike nini? Serikali haiandiki harufu." Tukaendelea kuendesha hadi barabara kuu.

Mwezi uliofuata nilirudi peke yangu kukumbusha wadaiwa. Nilimkuta Luhende ameketi kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa kwa sababu shoka lilikuwa limemteleza. Kando yake kulikuwa na ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokunjwa na kunyunyiziwa majivu, masikio yangalimo.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Kabula.

"Mwangaluka, karani. Mhola, salama?"

"Mhola duhu. Naona mmepata hasara."

"Ndigana, homa ya kupe," alisema Luhende. "Nyama majirani wamenunua. Ngozi ndiyo inatakiwa ifike. Nitatembea polepole."

Hapo nieleze tena, na ni mara ya mwisho. Ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, aliyemlaza humpelekea mwenyewe ngozi yenye masikio, ili aone alama aliyoikata mwenyewe, ajue mnyama kafa kweli na hakuuzwa. Akiipokea, shauri limekwisha. Akiikataa, amemkana ng'ombe yule na wenzake wote walioachwa kwenye zizi lile.

"Utatembea na mguu huo?" Kabula alimuuliza mumewe. Kisha akanigeukia. "Karani, keshokutwa si mna baraza Shishiyu? Na baiskeli yako ina keria."

"Mama, acha," alisema Luhende.

"Nimesema nini mimi? Nimesema ngozi ifike. Au isifike?"

Luhende hakuweza kusema isifike. Akanitazama. "Wewe ni mtoto wa wafugaji," akasema. "Utaipeleka bila maneno?"

"Bila maneno, baba."

"Ukifika, iache kwa Mayunga. Mwambie Luhende anasalimia, mguu umemzuia." Aliyasema hayo akitazama chini. Na tuelewane, hakuniambia kwamba ng'ombe ni wa Mayunga. Aliniambia ngozi inakwenda kwa Mayunga. Kwake kulikuwa na tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na kwangu pia. Kama Kabula alikusudia kilichofuata, sikumuuliza kamwe, na yeye hakunipa hata dalili.

Safari ile siisahau. Mimi si mwoga wa kazi, lakini ngozi mbichi katika jua la kwetu ni jambo jingine. Mbwa wa kila kijiji walinisindikiza mpaka mpakani, wakanikabidhi kwa mbwa wa kijiji cha mbele. Nilikuwa nimepanga kuifikisha mapema nyumbani kwa diwani, niiache kwa wake zake, kisha nioge. Pancha ikaniharibia. Nilipofika Shishiyu baraza lilikwishaanza kwenye uwanja wa shule, nikaona afadhali niende nayo moja kwa moja kuliko kuchelewa.

Mzee Salumu alikuwa mezani na kitabu chake. Mayunga alikuwa amesimama mbele ya watu wake, anaandikishwa wa kwanza ili awe mfano. "Mimi mnanijua," alikuwa anasema. "Nina ng'ombe wachache wa maziwa ya watoto. Niandikeni daraja langu la chini, lakini nalipa leo hii hii, taslimu, ili mtu mwingine asitafute kisingizio!" Watu walipiga makofi. Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa darasa. Upepo ukageuka, na makofi yakapungua kuanzia upande wangu.

"Karani Maduhu," alisema Mayunga, bado anatabasamu, "umetuletea nini tena?"

"Mzigo, mheshimiwa. Nimeombwa niufikishe kwako. Luhende wa Ngulyati anakusalimia, mguu umemzuia."

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yaliondoka. "Mzigo wa nini?"

Nilikuwa nimeahidi bila maneno. Nikanyamaza. Wazee waliokaa mbele walikwishayaona masikio yakining'inia, na mmoja baada ya mwingine wakainuka kutazama. Kila mtu uwanjani pale, hata wanawake waliokuwa wakipita na kuni, alielewa kwamba Mayunga ana njia mbili. Aipokee, awe mwenye ng'ombe wote walio kwa Luhende mbele ya kitabu cha Mzee Salumu. Au aikatae, na kundi zima liwe mali ya Luhende, na mashahidi wa jambo hilo walikuwa wamejaa uwanja.

Alizunguka baiskeli polepole. Akalishika sikio moja, akaliinua, akaliachia. Nilimwona kabisa akipiga hesabu zake, kodi upande mmoja, kundi upande wa pili. Kikongwe mmoja nyuma akapaza sauti, "Pokea basi, baba, nzi wanatumaliza!"

Ndipo Mayunga akacheka. Nitamtetea kwa hilo mpaka leo: alijua kushindwa. Alicheka mpaka akashika kiuno, na uwanja mzima ukacheka naye. "Shusheni ngozi yangu," akasema. "Inachuruzika kwenye baiskeli ya serikali. Mzee Salumu, andika walio kwa Luhende."

"Na walio kwingine, mheshimiwa?"

"Kwingine? Hao bado wazima."

Hata Mzee Salumu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, aliinamia kitabu chake mabega yakitikisika. Jioni tukiwa tunakula alinisogezea sahani upande wa pili wa mkeka, mbali na yeye, kwa sababu nilikuwa bado sijaoga vya kutosha. "Nilikuambia serikali haiandiki harufu," alisema. "Leo imeandika." Tangu siku hiyo aliacha kuwauliza watu kama ng'ombe ni wao. Aliuliza jambo moja tu, baada ya salamu zote: ng'ombe akifa hapa, ngozi inakwenda wapi? Watu walimjibu bila shida, kwa sababu anayebeba ngozi njiani haonekani kuficha kitu. Mwaka ule wenye ng'ombe wengi walilipa zaidi kuliko walivyozoea, na walinung'unika sana, na hakuna hata mmoja aliyefilisika. Mtu akilia kodi huku ananunua baiskeli mpya, mimi humwachia kitambaa afute machozi, naendelea kuandika.

Luhende alishushwa daraja la chini. Mtamba mwekundu akabaki. Lakini raha haikuja siku hiyohiyo, maana waliogopa Mayunga atawaondoa ng'ombe wake kwa hasira, na bila maziwa wala maksai wangekuwa wamekwisha. Kabula alinisimulia baadaye kwamba diwani alipotokea Ngulyati, yeye alikwishaosha vibuyu na kuviinika, akijua havitatumika tena. Mayunga alikaa, akala ugali, akauliza habari za mguu. Alipoaga akasema, "Kwa kuwa nimeshawalipia, waacheni hapohapo. Nikiwaswaga leo hadi Shishiyu, njiani kote watauliza wanatoka wapi." Kabula akavigeuza vibuyu.

Miaka iliyofuata ilienda mbio. Kodi ile ya madaraja ilifutwa, halmashauri nayo ikavunjwa, sisi makarani tukasambazwa. Nilihesabu magunia ya pamba, nikahesabu mabati ya shule, nikahesabu kaya wakati watu wanahamia vijiji vipya. Siku ya kuhama nilimwona Luhende barabarani anaswaga ng'ombe kuelekea kiwanja chake kipya. Kundi halikuwa kubwa, lakini lilikuwa jekundu karibu lote, na Kabula alitembea nyuma akiwa na fimbo, kichwa juu. Alinipungia mkono kama tumeonana jana. Mzee Salumu alirudi Tabora, akaniachia penseli yake iliyobaki urefu wa kidole. Ninayo hata sasa, na bado inaandika.

Halmashauri zimerudishwa, na kodi imerudi nazo, kwa kichwa, wote sawa. Nikakalishwa nawe, Holo, kwenye meza moja nikuelekeze kabla sijaondoka. Sikukuelekeza mengi, ulikuwa unajua kujumlisha kuliko mimi. Ndipo akaja yule mzee mrefu mwenye koti, anayechechemea kidogo. Hukumjua, mimi nilimjua kwa mguu.

"Mwangaluka, karani," aliniamkia. Kisha akakuwekea pesa mezani. "Kata stakabadhi mbili, mjukuu wangu. Moja Luhende. Ya pili Shija, wa kule kwetu."

"Shija ni mwanao, babu?"

"Hapana."

"Mbona unamlipia?"

Nilimwona anaangalia foleni nyuma yake. Walikuwepo majirani, walikuwepo mashemeji, walikuwepo watu wa kununua na watu wa kukopa. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua hakijawahi kusemwa hadharani kwa hiari na mtu wa kwetu niliyemfahamu.

"Ng'ombe walio kwake ni wangu," alisema Luhende, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Yeye hana kitu. Mtatuandikaje sawa, mimi na yeye?"

Ulimjibu vizuri, Holo, kwamba ndivyo ilivyoagizwa. Ukakata stakabadhi mbili, hukujua kwa nini foleni nzima inamkodolea macho. Yeye akazikunja, akaziweka mfuko wa ndani wa koti, akanigeukia mimi.

"Safari hii," akasema, "sikungoja ngozi."